Mwalimu wa Mapishi na Kichwa Chake

Kichwa cha yule mwanamke kilikuwa na cheo kikubwa shuleni kwetu kuliko Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu akikohoa, watoto walicheka. Kile kichwa kikianza kugonga, shule nzima ilinyata, na rimu ya lori iliyokuwa kengele yetu ilibaki inaning'inia pale bila mtu wa kuthubutu kuigusa. Mwanafunzi wa zamu alipita madirishani akipunga mkono kutuarifu kwamba kipindi kimekwisha. Wageni waliotukuta katika hali hiyo waliuliza nani amefariki.

Tulimwita Mwalimu wa Mapishi. Kwenye ratiba somo lake liliitwa sayansikimu, lakini kijiji chetu, huku Ushirombo kwenye njia ya kwenda Geita, hakikuwa na muda wa maneno marefu. Aliwafundisha wasichana kupika, kushona, kuogesha mtoto na kupanga meza, miaka ile ambayo nusu ya nyumba za kijiji hazikuwa na meza yenyewe. Mimi nilifundisha darasa la pili. Nyumba yetu ya walimu ilikuwa moja iliyokatwa katikati kwa ukuta: upande huu mimi na mapacha wangu, Kulwa na Doto, upande ule yeye na mama yake mzee. Ukuta wenyewe haukufika kwenye bati. Nilichokaanga alikinusa, nilichomsema alikisikia, kwa hiyo haya ninayoyasema leo hayatamshangaza.

Maradhi yake yalikuwa kipandauso. Kilianzia nyuma ya jicho la kushoto, kikashika upande huo wote hadi shingoni. Alipokiona kinakuja alikunja kipande cha kanga, akakifunga kwenye paji la uso, akapachika mwiko mdogo kwenye fundo na kuusokota mpaka ngozi ya uso ikavutika kama ya ngoma. Mwiko huohuo, akishapona, aliuosha kwa maji ya moto na kwenda nao darasani kufundishia uji wa mtoto. Wasichana walikula uji ule bila kuuliza.

Nasema "alipokiona" kwa sababu kweli alikuwa akikiona. Angesimama ubaoni anaeleza namna ya kutia wanga kola ya shati, mara ananyamaza. Vimulimuli vinacheza machoni, mtoto wa dawati la mbele amebaki na nusu ya uso. Basi hapo anaweka chaki chini, anawaambia wasichana, "Fungeni vitabu, na mtakaofunga kwa kishindo nitawajua," halafu anatoka akipapasa ukuta.

Sasa mchukue mtu huyo umpe somo la mapishi. Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ilitosha kumlaza siku nzima. Kwa hiyo alifundisha mchuzi akiwa nje ya jiko, upande upepo unakotoka, kitambaa puani, akiamrisha kwa fimbo kupitia dirishani.

"Vimekuwa rangi gani?"

"Kahawia, Mwalimu."

"Kahawia ya nini? Ya udongo au ya chai?"

"Ya chai, Mwalimu."

"Muongo wewe. Vimeungua. Mimi nimesimama huku nanusa, wewe uliyeinamia sufuria huoni?"

Na kweli vilikuwa vimeungua. Pua yake ilikuwa ya ajabu, na ndiyo iliyomtesa. Aliwahi kuja mkaguzi kutoka Shinyanga mjini, kajipaka marashi hadi inzi wanamkwepa. Mwalimu wa Mapishi akamwambia kwa adabu zote, "Ndugu Mkaguzi, ama yatoke marashi yako, ama nitoke mimi." Yule bwana akacheka, akafikiri ni utani wa mwanamke wa shamba. Kicheko hakijaisha, Mwalimu wa Mapishi yuko kwenye bustani ya maua anatapika. Mwalimu Mkuu alitutukana sisi wote wiki nzima kwa kuiaibisha shule.

Alikuwa na semi zake. "Kelele ni uchafu," alisema, na aliwaadhibu wenye kelele kuliko wenye kucha ndefu. "Mgeni hupewa kiti, maji na uso mkunjufu," aliwakaririsha wasichana, wakaimba kama sala. Ukienda wewe mwenyewe kwake ukapiga hodi, mama yake anatoka kukuambia mwanangu amekwenda kisimani, na huku ndani unamsikia mwanangu anakohoa. Kiti hukukiona, maji hukuyaona, uso mkunjufu ndiyo kabisa.

Kila mtu kijijini alijua dawa ya kichwa kile. Mwalimu Mkuu alisema ni maringo ya mwanamke asiye na mume. Mganga alimchanja kwenye vipaji vya uso akasugua unga mweusi. Kichwa kikabaki, na makovu yakabaki kukisindikiza. Wazee walimpa ugoro, akapiga chafya mpaka akalia. Katekista aliamua kumwombea na akaleta kwaya, wakaimba sauti nne chini ya dirisha lake, kwa upendo mkubwa. Mimi nilimwambia anafikiri sana. Akaniuliza, "Nifikiri kidogo kama nani, Mama Kulwa? Kama wewe?" Nikaona basi, huyu hajambo.

Lakini kilichomponza hasa ni desturi yetu ya kupeana pole. Kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Ukimwacha, watu watasema umefurahia. Kwa hiyo siku ile anayohitaji giza na ukimya kuliko chakula, ndiyo siku ambayo akina mama wanajaa chumbani kwake na watoto mgongoni, wanafungua dirisha ili mgonjwa apate hewa, jua linamwingia machoni, na maongezi yanapamba moto. Mmoja atasimulia shangazi yake aliyeumwa kichwa vilevile hadi akafa. Mwenzake atauliza alikufa vipi, na simulizi itaanza upya.

Alivumilia, alivumilia, mwisho akaanza kufunga mlango kwa ndani. Hapo ndipo alipoharibu. Usukumani mwanamke mwenye macho mekundu hutafutiwa jina, kana kwamba kupulizia kuni mbichi maisha yako yote hakutoshi kuyafanya mekundu. Sasa mwenye macho mekundu ajifungie gizani mchana, hataki taa, hataki watu, amefunga kitambaa kichwani na mwiko umesimama. Jina likapatikana upesi. Hakuna aliyelitamka mbele yake, lakini watoto walianza kuzunguka mbali wanapopita kwetu, na mimi nilijua wamefundishwa na nani. Wapo wanawake waliokatwa mapanga kwa jina lile, na yeye alijua hivyo kama nijuavyo mimi.

Kuna kitu nilichelewa kukielewa, ingawa tuliishi ukuta mmoja. Nilidhani siku asizoumwa ni mzima. Kumbe siku hizo ndizo alizokuwa na kazi zaidi. Aliamka akilisikiliza jicho lake. Aliangalia mawingu, alinusa upepo, aliuliza nani anapika nini leo. Mwaliko wa harusi ukija mwezi mmoja kabla, aliumwa mwezi mzima kwa kuogopa kwamba atakuja kuumwa siku ya harusi, na siku ikifika, aha, kichwa hiki hapa, kimevaa na kuoga kabla ya bwana harusi. Usiku hakulala kwa wasiwasi, na kwa kutolala kichwa kikaja, na kikishakwenda kilimwachia unyonge wa siku kadhaa ambao ukimwita hageuki. Nilimtania kwamba hana kichwa, ana mume mlevi: akiwepo anampiga, asipokuwepo anamngojea. Hakucheka. Alisema, "Ndivyo."

Mume wangu, Baba Kulwa, alikuwa mtu wa reli, kazi yake stesheni ya Isaka, na nyumbani alikuja likizo tu. Alikuwa na redio na alikuwa na mpira, na vitu hivyo viwili alivipenda kwa sauti ya juu. Siku ya kwanza Mwalimu wa Mapishi aligonga ukuta mara moja tu, kwa mwiko. Baba Kulwa akazima. Tangu siku hiyo, akisikia kimya cha upande wa pili kimezidi, aliizungushia redio blanketi akaikumbatia kitandani, sikio limebanwa, timu yake ikifunga anang'ata mto. Nilimwambia ninaona aibu kuwa na mume wa namna hiyo. Akasema, "Mama Kulwa, mtu anaumwa."

Ni yeye aliyetutafutia nafasi kwenye lori la pamba nikampeleka Mwalimu wa Mapishi hospitali ya misheni, kule Kolandoto. Daktari hakugusa kichwa chake kwa muda mrefu. Alimuuliza kama analala. Kama analia bila sababu. Lini mara ya mwisho chakula kilikuwa kitamu. Kama kuna asubuhi anayoona bora asingeamka. Yule bibi alitoka pale amevimba.

"Nimempelekea kichwa," aliniambia, "ananiuliza moyo. Ningempelekea mguu angeniuliza nini?"

"Umemjibu?"

"Nimemjibu kwa heshima. Nimelia mbele yake kama mjinga."

Daktari alimwambia kwamba wasiwasi, huzuni na kipandauso ni kama wapangaji wa nyumba moja: mmoja akiwasha moto, mwenzake anakohoa, na usitegemee kumtibu mmoja tu ukadhani nyumba imetulia. Alimpa vidonge vya kumeza kila siku hata siku asiyoumwa, akamwambia apunguze chai ya rangi, alale na kuamka saa zilezile, na asijifungie peke yake siku nyingi. Hilo la mwisho lilituchekesha njia nzima. Akijifungia ni mchawi, asipojifungia anapewa pole mpaka afe.

Vidonge vilisaidia kiasi. Lakini vidonge havikwenda misibani, na misiba ndiyo iliyokuwa inamtafuta.

Watu walikuwa wameshahamishiwa vijiji vya ujamaa, nyumba zimepangwa mistari, kwa hiyo kila kilio kilisikika kwa kila mtu. Ukisikia kilio unakwenda. Hakuna hoja nyingine. Wanaume wanachimba, wanawake wanalia na kupika. Yeye, mayowe yale na moshi ule vilimlaza kabla hajavuka kizingiti. Akakosa msiba wa kwanza, wa pili, mpaka Mwenyekiti wa kijiji akaja kwake mwenyewe, amevaa koti.

"Mwalimu," alisema, nami nikiwa upande wangu nimeacha kuchambua mchele, "una mama mzee humo ndani."

"Ninaye, Mwenyekiti."

"Siku yake ikifika utazika na nani? Na wanafunzi wa darasa la sita?"

Mwenyekiti akaondoka, na mimi nikasikia mwiko unasokotwa. Tangu siku hiyo hofu yake ilikuwa moja: mama atakufa, na hakuna mtu atakayeshika jembe. Mama mwenyewe alikuwa anadhoofika wazi. Kila alivyodhoofika binti aliogopa zaidi, kila alivyoogopa aliumwa zaidi, na kila alivyoumwa alikosa msiba mwingine. Safari moja alijikaza akaenda, kwenye msiba wa mzazi wa Mwenyekiti huyohuyo. Akashika kisu cha vitunguu ili waone anashiriki. Alitapika kando ya masufuria mbele ya kijiji kizima. Wakasema, mmeona? Kazi yake imemgeukia.

Mama alifariki asubuhi moja ya masika, ametulia, ameshika mkono wa bintiye. Nilipiga yowe mimi, kwa sababu binti hakuweza. Alikuwa ameketi sakafuni macho yamefumbwa, uso umegeuka rangi ya jivu. Nililia nikatoka nje nikalia tena. Watu walisikia. Nikaenda kwa Mwenyekiti, akasema wanaume wako shambani. Nilipita kibaraza cha duka nikawakuta wote wanacheza bao, shamba lao limeota mistari ya mashimo na kete. Niliwaambia nilichowaambia. Hakuna aliyeinua kichwa.

Niliporudi, Mwalimu wa Mapishi hayupo. Nilimkuta makaburini, jua limesimama utosini, kitambaa kichwani, mwiko umesokotwa mpaka mwisho, anachimba. Anapiga jembe, anapiga magoti, anatapika, anajifuta, anapiga jembe. Mwanamke kuchimba kaburi kwetu halikuwa jambo la kuona. Nikachukua koleo.

Alipita Kabula anatoka mashineni, unga kichwani. Kabula alikuwa mwanafunzi wake wa miaka ya nyuma, mwenye sauti kubwa kuliko wote, aliyechapwa kwa kelele mpaka akamaliza shule. Sasa alikuwa mke wa mtu, na hakuna msiba ulionoga bila yowe la Kabula kutangulia. Alisimama akatazama. Akatua unga, akafunga kanga kiunoni, akaniondoa kwenye shimo kwa sababu nilikuwa nafukia zaidi ya kuchimba. Baada ya hapo walikuja wengine, wasichana wake wote, wenye watoto mgongoni, majembe begani. Kina mama wazee wakaja nyuma wameshika viuno kuanza kilio, na mmoja alishafungua kinywa.

"Mayu, mama yangu," Kabula akamwambia, "taratibu. Mwalimu anaumwa kichwa."

Basi wakalia hivyohivyo, machozi tu, vinywa vimefumbwa. Sijawahi kuona msiba wa namna ile na sitauona tena. Majembe ndiyo yaliyosikika, na kibarazani kule yalisikika vizuri. Bao lilikatika. Wanaume wakaja mmojammoja, hakuna anayemtazama mwenzake, wakasema leteni majembe.

Mwalimu wa Mapishi alikuwa ndani ya shimo. Akasema kwa sauti ndogo, ikabidi wainame ili wasikie. "Subirini tufike kiunoni. Msije mkasema mmechimba ninyi."

Wakasubiri, kwa adabu, kofia mkononi. Mwenyekiti alipofika na koti lake na hotuba yake, Kabula alimnong'oneza, na hotuba ile ikawa fupi kuliko zote alizowahi kutoa. Kwa hilo peke yake kijiji kilipaswa kumshukuru marehemu.

Ningependa kusema kwamba baada ya siku ile alipona. Hakupona. Kichwa kilitulia wiki nyingi, na hapo ndipo alipolala kabisa. Ule ukimya aliougombania maisha yake yote sasa ulitoka upande wake wa ukuta na kunitisha. Nilimpelekea uji. Akaniambia, "Mama Kulwa, kichwa kimepoa. Sasa sioni cha kuamkia." Nilifungasha nguo zake nikamrudisha Kolandoto, na safari hii aliyajibu maswali ya moyo bila kuvimba. Walikaa naye, wakambadilishia dawa. Wasichana wake waligawana zamu za kumtembelea aliporudi: mmoja mmoja, dirisha limefungwa, anaketi, hasemi kitu, anaondoka. Alipopata nguvu alianza kuwakosoa wanavyoketi. Kabula akasema amepona. Mimi nikasema amepungua ugonjwa, ulimi haukuwahi kuumwa. Baadaye alihamishiwa Chato, karibu na kaka yake, na nyumba yetu ikapata mpangaji mpya mwenye kinanda.

Mimi nami nilihamia Isaka kwa mume wangu. Miaka ikapita. Kisha Baba Kulwa akaanguka kazini asubuhi, na kabla ya jua kuzama nilikuwa mjane.

Msiba ule ulijaa. Watu wa reli wana vifua. Walilia mpaka mabati yakaitikia. Masufuria nje, moshi, vitunguu, watoto, lori zinapita zikipiga honi za pole. Mimi nilikuwa nimelazwa kwenye mkeka, sina sauti wala nguvu. Siku ya pili, katikati ya mchana, niliona kitambaa cha kanga kinapita mlangoni, na kwenye fundo lake umesimama mwiko.

Alikuwa ametoka Chato. Mtu ambaye harufu ya dizeli tu ilimlaza, alikuwa amepanda basi lenye dagaa. Hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja kwenye masufuria, akamnyang'anya binti mmoja kisu, akaanza kukata vitunguu, macho yamevimba, uso wa jivu. Alikata, akainuka akaenda nyuma ya nyumba, akarudi anajifuta mdomo, akaendelea kukata. Aliwaonyesha wanawake wa Isaka kwamba vipande vyao ni vinene. Hawakumjua ni nani lakini walipunguza.

Nilijikokota mpaka pale nikakaa chini karibu naye. Nililia, hatimaye, kwa mara ya kwanza.

"Mwalimu," nikamwambia, "shikamoo."

"Marahaba. Aliizungushia redio blanketi kwa ajili yangu," alisema, kisu hakisimami. "Mimi nishindwe kumkatia vitunguu?"

"Na kichwa?"

"Kipo. Nimekuja nacho."